Gari Linapiga Resi Lakini Halivuti: Tatizo Liko Wapi?

Hajati alinipigia simu akiwa ameegesha pembeni ya barabara ya Bombo, buti limejaa mikeka na vikapu alivyokuwa anapeleka mjini Kampala. "Fundi, gari linapiga resi vizuri tu, lakini halivuti. Nikifika mlimani hata malori yenye mizigo yananipita." Gari lake ni dogo, injini ya lita 1.5, giaboksi ya otomatiki, na kabla ya simu ile lilikuwa limeshapita kwa mafundi wawili. Lilikuwa limefungwa pampu mpya ya mafuta, plagi nne mpya na koili moja, ile inayotengeneza umeme wa plagi. Pesa aliyotoa ilikuwa inakaribia ada ya muhula wa mtoto, na gari lilikuwa vilevile.

Maneno yake nayasikia karibu kila wiki hapa gerejini Ndeeba, Kampala, kwa madereva wa takisi, kwa walimu, kwa vijana walionunua gari lao la kwanza. Kila mmoja huamini amenieleza ugonjwa wa gari lake. Kumbe ndani ya maneno hayo mna magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa, na fundi asipoyatenganisha kwanza ataanza kubahatisha kwa pesa ya mwenye gari.

Katika ugonjwa wa kwanza, injini ina nguvu ila nguvu haifiki kwenye magurudumu. Unakanyaga, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka kutoka 2,000 hadi 4,000, sauti inapanda, lakini mshale wa spidi umebaki palepale kwenye 40. Injini imefanya kazi yake; kuna kitu katikati kinateleza. Katika ugonjwa wa pili, magurudumu yanapokea kila kinachotoka, ila injini yenyewe haina cha kutoa. Gari likiwa limesimama na gia iko N, yaani haijaingia, linapiga resi mpaka majirani wanachungulia. Lakini ukianza kupandisha mlima, unakanyaga mpaka chini na RPM inagoma kupanda. Inakwama kwenye 2,500, sauti inakuwa nzito, kama mtu aliyezibwa mdomo na pua.

Ndiyo maana kabla sijaliona gari huuliza kwanza kwenye simu: pale linapokataa, mshale wa RPM unafanya nini? Ukipanda peke yake, natazama klachi na giaboksi. Ukikwama pamoja na spidi, natazama injini. Swali hili halina gharama, na huondoa nusu ya mambo ya kushuku. Nilipomuuliza hajati alitulia kidogo, kisha akasema, "Unakwama, fundi. Haupiti hapo katikati, kwenye mbili na nusu." Hapo nikajua giaboksi yake haina kesi.

Resi ya gari lililosimama inadanganya

Watu wengi, na mafundi wengi, hufungua boneti, huvuta waya wa mafuta, husikia injini ikilia na kusema injini ni nzima. Lakini injini iliyo kwenye N haifanyi kazi yoyote isipokuwa kujizungusha yenyewe. Haibebi gari, haibebi abiria, haipandishi mlima.

Itazame kwa mafuta. Injini ya lita 1.5 ikinguruma bila kukanyagwa hutumia chini ya lita moja ya petroli kwa saa. Injini hiyohiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hukaribia lita 30 kwa saa. Pampu iliyochoka, inayoweza kusukuma lita tano tu kwa saa, itakuridhisha kabisa pale gereji. Utapiga resi upendavyo. Shida itaanza kwenye mlima wa Makindye, injini itakapoomba lita 20 na kupewa tano.

Hewa nayo ni hivyohivyo. Kila kilo ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukiigeuza kuwa ujazo, lita moja ya petroli humeza zaidi ya lita 9,000 za hewa kwenye usawa wa bahari, na hapa Kampala, ambako hewa ni nyepesi, zaidi ya lita 10,000. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta moja ya karatasi, na baada ya kuungua lazima itoke kwa bomba moja la eksozi. Mlango wowote ukizibwa nusu, gari lililosimama halitajua. Lililobeba mzigo litajua.

Cheche ya plagi ndiyo inayodanganya zaidi. Fundi anachomoa plagi, anaigusisha kwenye bodi, anazungusha injini, cheche inaruka, anatangaza koili ni nzima. Ile cheche imeruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyobanwa zaidi, na cheche inahitaji voteji kubwa zaidi ili kuruka nafasi ileile. Koili iliyopasuka kidogo itatoa cheche nzuri mkononi mwa fundi, na itashindwa mlimani. Umeme utatafuta njia rahisi, utapita kwenye ule ufa na kuishia kwenye chuma cha injini, na silinda moja itakuwa inazunguka bure. Madereva wanasema injini inamisi. Unaisikia kama kwikwi.

Kwa sababu hizi zote, gari la malalamiko haya hupimwa likiwa na kazi. Mimi hupanda nalo mlima, nikiwa na mtu wa kusoma mashine ya kupimia inayoongea na kompyuta ya gari, au hulipeleka barabara isiyo na msongamano. Pale uani utaangalia tu yanayoonekana kwa macho.

Kwanza jua urefu wa mahali ulipo

Vitabu vingi vya ufundi tunavyotumia vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo gari lililotoka Japani na kushushwa bandarini Mombasa linafika hapa likiwa limepoteza zaidi ya asilimia 10 bila ubovu wowote. Ukiendelea nalo mpaka Kabale, karibu mita 2,000, hasara inakaribia asilimia 20. Mtu anayelalamika kwamba gari lake halivuti kati ya Kabale na Kisoro, likiwa na watu watano na magunia mawili ya viazi, pengine halina ugonjwa. Ni hewa ya milimani.

Jambo hili linaharibu vipimo pia. Kitabu kitakuambia geji ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) isome inchi 17 hadi 21 za zebaki injini ikinguruma bila kukanyagwa. Kampala ondoa inchi nne. 13 hadi 17 ni afya nzuri. Nimewahi kuona injini nzima ikifunguliwa kwa sababu geji ilisoma 15 na fundi alikuwa anafuata kitabu. Vilevile, mashine ya kupimia ikionyesha presha ya hewa kabla hujawasha gari, hapa tarajia karibu kilopaskali 88. Ikionyesha 101 mjini Kampala, ile sensa inaota iko Mombasa.

Kinachoteleza

Nianze na ugonjwa wa kwanza, maana mara nyingi ni mfupi. Kwa gari la gia za mkono, endesha kwenye tambarare kwa spidi ya 50, weka gia ya juu kabisa, kanyaga mpaka chini. Klachi nzima itaifanya injini ijikokote polepole. Klachi iliyokwisha itaachia: RPM itaruka, spidi itabaki, na baada ya muda utasikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua. Usirudie jaribio hilo mara nyingi, kwa sababu kila mara unaila klachi.

Kwa otomatiki, tazama kwanza vitu vidogo ambavyo watu wanaona aibu kuviangalia. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, umebonyeza kitufe kilicho pembeni ya kishikio cha gia na gari halitaingia gia ya juu. Litapiga kelele kwenye 80 kana kwamba linaumwa. Gia imekaa kwenye 2 au L badala ya D? Hutokea, hasa gari likitoka kuoshwa. Ukishavipita hivyo, chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ukifuata maelekezo ya gari husika. Mafuta mazima ni mekundu na hayana harufu kali. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kuungua, sahani za ndani zimeshaanza kuliwa. Yakiwa pungufu tu, kuna mahali yanavuja, na ukiwahi utaokoa giaboksi.

Hapa lazima niseme kwa uchungu habari ya CVT, ile giaboksi ya mkanda isiyo na hatua za gia. Magari mengi yaliyoingia miaka ya karibuni yanayo. Toyota Wish za kuanzia 2009, kwa mfano. Inataka mafuta yake maalumu. Ukiitia mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda wa chuma unaanza kuteleza kwenye puli zake, na ukishachubuana nazo hakuna mafuta yatakayourudisha. Nimeona magari mazima yakiuawa hivyo na mtu mwenye nia njema na kopo lisilo sahihi. Soma kilichoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari kabla hujafungua kopo. Na ujue pia kwamba CVT nzima, ukiikanyaga ghafla, huipandisha RPM kwanza kisha spidi hufuata taratibu. Huko siyo kuteleza, ndivyo ilivyoundwa. Kinachotofautisha ni kwamba kwenye nzima spidi hufuata kweli, bila mtikisiko na bila harufu.

Kuna jaribio la kusimamisha gari kwa breki, kuingiza D na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Magari mengi madogo hukwama kati ya RPM 2,000 na 2,600. Ikizidi sana, giaboksi inateleza. Ikipungua sana, injini ni dhaifu. Ni jaribio la kweli lakini huzidisha joto upesi: lisizidi sekunde tano, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Kwa giaboksi ambayo tayari inanuka, mimi silifanyi.

Kabla hatujaingia kwenye injini, gusa magurudumu. Endesha kilomita tatu bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania na umekuwa ukiendesha gari linalojizuia lenyewe. Breki ya mkono isiyoachia kabisa ni ya kawaida sana kwenye magari yanayopita tope la murami. Nguvu zipo, zinaliwa na breki.

Kinachozibwa

Sasa ule ugonjwa wa pili, ambao ndio ulikuwa wa hajati, na ndio unaomaliza pesa za watu. Mshale wa RPM umekwama. Injini haina cha kutoa. Sababu ziko nyingi, lakini zote zinarudi kwenye hewa inayoingia, mafuta, cheche na wakati wake, na moshi unaotoka.

Filta ya hewa ni ya kuangaliwa kwanza kwa sababu ya vumbi letu. Gari linalokwenda Karamoja au linalofuata lori kwenye barabara ya murami hujaza filta kwa muda mfupi kuliko kitabu kinavyosema. Watu huipuliza kwa kompresa kwenye kituo cha mafuta, na wengi huipuliza kutoka upande wa nje, wakisukuma vumbi liingie ndani zaidi ya karatasi. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na ikishakuwa nyeusi ibadilishwe. Pale karibu na filta kuna sensa ya hewa, kiwaya chembamba chenye joto ambacho huiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zimepita. Kikifunikwa na vumbi, kinahesabu hewa pungufu, kompyuta inatia petroli pungufu, na gari linakuwa jepesi kwenye N na dhaifu mlimani. Kisafishwe kwa dawa yake ya kupuliza. Usikiguse kwa kidole wala brashi.

Mafuta nimeshayagusia. Niongeze tu kwamba pampu nyingi zimo ndani ya tanki, na petroli inayozizunguka ndiyo inayozipoza. Mtu anayetia mafuta ya shilingi 10,000 kila asubuhi na kutembea na taa ya tanki imewaka, pampu yake inafanya kazi kwenye joto, huku ikivuta uchafu wa chini. Namwelewa, hali ni ngumu, lakini robo tanki ingemwokolea pampu. Presha ya mafuta kwenye magari mengi ya petroli ya kawaida huwa karibu ba 3, na cha muhimu ni kama inabaki hapo wakati unakanyaga. Geji ya presha imefungwa kwa mpira mrefu, imebanwa kwenye waipa ili dereva aione akipanda mlima, itakuambia ukweli ambao pampu ikisikilizwa kwa sikio haiwezi kuusema.

Petroli yenyewe huenda ina mafuta ya taa. Ikichanganywa hivyo huungua vibaya, injini hugonga, na kompyuta huchelewesha cheche ili kujilinda, nguvu zikipungua. Ubovu ukianza saa chache baada ya kujaza mahali usipopazoea, anza na tanki.

Kwa magari ya dizeli yenye turbo, kama zile HiAce mpya ambazo hapa tunaziita drone, fikiri kwa namna nyingine kidogo. Moshi mweusi mzito wakati wa kukanyaga una maana mafuta yapo na hewa haitoshi: tafuta mpira wa turbo uliopasuka au uliotoka kwenye klampu yake. Ukisikia mlio wa upepo kama tairi linalovuja, umeshaupata. Nguvu zikipungua bila moshi, mafuta ndiyo hayafiki. Toa maji kwenye filta ya dizeli kwanza kabla hujasikiliza mtu anayekuambia ununue nozeli.

Wakati wa cheche na vali naugusa kwa ufupi: cheni au mkanda wa taimingi ukiruka jino moja, gari litawaka, litanguruma, na litakosa nguvu kila mahali. Ubovu wa namna hii mara nyingi huanza mara moja, siyo polepole, na huwafuata watu waliotoka kufanyiwa oveholi.

Mashine ya kupimia haitoi hukumu

Siku hizi kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinaongea na simu ya mkononi, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Nafurahi kwamba kipo. Ubaya ni kwamba watu husoma namba moja na kukimbilia soko la vipuri la Kisekka. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Haisemi nunua sensa ya oksijeni. Ile sensa ndiyo iliyoripoti, na mtu anaitupa kwa sababu imesema kweli.

Kilicho na faida zaidi ya namba za ubovu ni takwimu zinazotembea wakati gari linaendeshwa. Mbili hasa. Ya kwanza ni marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inajiongezea au kujipunguzia mafuta ili mchanganyiko uwe sawa. Karibu na sifuri ni afya. Yakipanda hadi 20 na zaidi unapoendesha kwa kasi ya wastani, kompyuta inaomba petroli isiyofika, au sensa ya hewa inahesabu vibaya. Yakipanda gari likinguruma tu na kushuka ukikanyaga, kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi.

Ya pili ni gramu za hewa kwa sekunde, na hii unaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Injini ya mapigo manne hujaza ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo lita 1.5 kwenye RPM 2,500 ni mara 1,250 kwa dakika, yaani lita 1,875, au karibu lita 31 kwa sekunde. Hapa Kampala lita moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu moja, jambo linalorahisisha hesabu. Injini haijazi silinda zake kikamilifu, toa asilimia 15 hivi, unabaki na takriban gramu 27. Basi injini nzima ya hajati, ikikanyagwa mpaka mwisho kwenye 2,500, ingemeza karibu gramu 27 kila sekunde.

Tulipanda naye mlima, yeye akiendesha, mimi nikishika simu. Alikanyaga mpaka chini. Namba ikasimama kwenye 15.

Nikatazama marekebisho ya petroli: asilimia 3. Hapo ndipo njia iligawanyika. Kama sensa ya hewa ingekuwa chafu, ikidanganya kwamba hewa ni kidogo, petroli ingepungua na marekebisho yangepanda juu. Kama pampu ingekuwa dhaifu, ndivyo hivyohivyo. Lakini mchanganyiko ulikuwa sawa kabisa. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa nusu. Injini ilikuwa inakula kidogo kwa sababu kuna mahali palizibwa. Filta ya hewa ilikuwa mpya, niliitoa na kuiangalia juani. Bomba lake lilikuwa wazi. Ikabaki njia ya kutokea.

Tulirudi Ndeeba, tukaliacha gari lipoe. Nilifungua sensa ya kwanza ya oksijeni, ile iliyo kabla ya sega la eksozi (kisafisha moshi, kwa Kiingereza catalytic converter), na kwenye tundu lake nikafunga geji ya presha. Kwa injini iliyo huru, geji haipaswi kuzidi psi 1.5 ikinguruma, wala psi 3 kwenye RPM 2,500. Tulipowasha ilisimama kwenye 3. Kijana wangu alikanyaga taratibu, na mshale wa geji ukapanda mbele ya macho ya hajati: tano, saba, tisa. Kwenye tisa nikamwambia aachie. Moshi ulikuwa haupati pa kutokea, ukibaki kwenye silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi. Tulipolikata lile sega na kuligonga sakafuni, vilidondoka vipande vya kigae vilivyoyeyuka na kugandana, vyenye vijitundu vilivyozibika kama mzinga ulioungua.

"Sasa fundi yule alinidanganya aliposema ni koili?" aliuliza hajati.

Hakumdanganya. Nilimuuliza kabla ya ile koili kubadilishwa alikuwa ameendesha gari likiwa na kwikwi kwa muda gani. Tangu kabla ya Ramadhani, akasema, miezi mitatu au minne. Kwa miezi yote hiyo silinda moja ilikuwa inatema petroli isiyoungua kwenye eksozi. Sega hufanya kazi kwa joto, na petroli mbichi ikifika pale inaungulia hapohapo. Joto linapanda mpaka kigae kinayeyuka. Koili ilikuwa mbovu kweli, na kuibadilisha kulikuwa sahihi. Ila kufikia hapo madhara yalikuwa yameshateremka chini ya gari, na hakuna aliyefuata nyayo zake. Kama angeanza na sega bila koili, sega jipya nalo lingeyeyuka.

Wapo watakaokuambia sega halina kazi, lichimbwe tu bomba libaki wazi. Gari litavuta, ni kweli. Wengine hata hulitoa likiwa zima na kumuuzia mtu anayetafuta platinamu, paladi na rodi zilizomo ndani yake. Mimi sikubali kulichimba. Sega ndilo linalobadilisha kaboni monoksidi na petroli isiyoungua kuwa gesi zisizo na sumu hiyo, na watoto wetu wanakwenda shule kwa miguu kando ya foleni ya Kawempe, pua zao zikiwa usawa wa eksozi. Tulitafuta sega zima la gari la aina hiyohiyo na kulifunga, nikaangalia koili tatu zilizobaki, na sensa ya oksijeni ikarudi mahali pake baada ya kupima tena. Geji ilisoma chini ya psi 1 ikinguruma, na kwenye 2,500 haikufika 2.

Hajati aliendesha mwenyewe. Tulipofika penye mwinuko alikanyaga kwa woga kwanza, kisha mpaka chini. RPM ikapita 2,500, ikapita 3,000, na spidi ikaifuata. Kwenye simu hewa ilikuwa gramu 41 na bado inapanda. Mikeka yote ilikuwa ingali kwenye buti.